Sentensi za Akinyi

Kwa miaka mingi nimekana jambo moja, tena mbele ya watu wazima wenye akili zao: mume wangu, mhariri wangu, na jopo zima la walimu wa chuo kikuu waliotaka kujua Kiingereza changu nilikipata wapi. Niliwajibu wote kwamba nilikipata vitabuni. Ukweli ni kwamba kila ninapoandika kitenzi cha Kiingereza na kufika pale ninapopaswa kuchagua kineno kidogo cha kukifuata, "on" au "at" au "for", mkono husimama, nami nasubiri msichana mmoja wa Igogo aniambie. Huniambia. Sauti yake ina mafua kidogo, kama ya mtu aliyeshinda kwenye barafu, na hutanguliza kicheko. Hajawahi kukosea. Mimi ninayeandika makala za kuwacheka wanaokimbilia kwa waganga wakiibiwa simu nimeishi na mzimu wa sarufi tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na kibaya zaidi, kwa muda wote huo sikuwa na hakika kama mwenye sauti amekufa.

Ninaandika haya kwa sababu mama yake amefariki. Tulimzika kwao Rorya, mvua ikinyesha kwa namna ya kututaka tuharakishe, na mimi ndiye niliyeombwa kusimama mahali ambapo binti mkubwa wa marehemu angesimama. Nilisimama. Nilikuwa na viatu visivyofaa kwa tope na hotuba isiyomfaa mtu yeyote. Niliporudi Mwanza kupanda ndege nilijikuta nimeshuka Mirongo badala ya kwenda uwanjani moja kwa moja, nikitafuta chumba kilichokuwa darasa letu, ambacho sasa ni duka la vioo vya simu. Muuzaji aliniuliza kama nataka kubadilishiwa kioo. Nilimwambia natafuta ukuta wa nyuma. Alinitazama kwa huruma ambayo vijana wa siku hizi huwawekea wateja wenye mvi, akaniachia nipite. Ukuta upo. Umepakwa rangi ya kijani na kutundikwa makava ya simu.

Mwaka ninaousema ni ule nilipomaliza kidato cha sita nikawa nangoja chuo. Jinsi nilivyofika kupanga chumba Igogo ni habari ndefu isiyo na msaada hapa. Ulikuwa wakati wa soko huria. Vitu vilivyokuwa adimu utotoni mwetu, sabuni, sukari, dawa ya meno, vilijaa madukani hadi tukavizoea na kuanza kulalamikia bei. Ushirika wa pamba ulikuwa umebakiza jina na maghala matupu yanayonuka mbegu. Kando ya ziwa viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kama uyoga, ndege za mizigo zilitikisa mabati yetu, na kila mwenye kuta nne aliandika mlangoni kwamba anafundisha Kiingereza. Tuliamini, sote kwa pamoja, kwamba dunia imefunguliwa na kwamba funguo zake ni lugha.

Chumba changu na cha jirani zangu vilitenganishwa na ukuta wa matofali usiofika darini, kwa hiyo tuligawana moshi, redio na ugomvi. Upande wa pili waliishi Akinyi na mama yake. Mama alikaanga mapanki barabarani, yale mabaki ya sangara baada ya kiwanda kunyofoa minofu: nyama ilipanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa vikarudi Igogo kwa mkokoteni. Nilipoonekana kuishi kwa chai na maandazi, niliitwa sahanini bila kuulizwa. Tulikula ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa na kukaushwa, mweusi na wa kuvutika, na mama alinifundisha kwamba kichwa cha sangara huanziwa shavuni. Akinyi alikata minofu kiwandani. Akirudi jioni hakuanza kwa kula. Alikumbatia sufuria ya moto kwa viganja vyote viwili hadi vidole vikubali kukunjika. "Hiyo si ya kupasha mikono," mama alikuwa akimwambia, "kuna watu wana njaa." Akinyi alimjibu kwa Kiingereza cha msimamizi wake, kwa sauti ya puani kabisa, na mama, asiyeelewa hata neno, alitikisa kichwa na kuniuliza mimi kama hilo ni tusi.

Akinyi ndiye aliyenipeleka Mirongo. Nilikwenda kuomba kazi ya kusaidia kufundisha, nikiwa nimevaa sketi niliyoamini ni ya kiofisi. Mwalimu Bwire, mwenye darasa, alikuwa mtu wa kujipenda: kofia ya ukili, suruali yenye mkunjo mkali, mkono nyuma kama anakagua gwaride. Kabla ya kupunguzwa kazini alikuwa amekaa ofisi moja ya serikali akisikiliza redio za nje na kupiga chapa yaliyosemwa. Kazi hiyo ilimwachia imani moja ambayo hakuna dini ingeweza kuiondoa: kwamba Kiingereza cha kwenye vitabu hakuna aliyewahi kukisema. Kwake kitenzi peke yake hakikuwa kitu. Ukimpa kitenzi aliuliza, "Kinakula na nani?" Maana yake, ni kineno gani hukaa naye sahani moja, na baada ya kineno hicho anakuja nani. Ukijibu, alikuwa na swali la pili, na hilo ndilo lililokuwa sheria ya darasa: "Umeisikia wapi?" Sentensi usiyoisikia kwa masikio yako mwenyewe, ikitoka kwenye kinywa cha mtu aliyekuwa na shida ya kweli ya kuisema, haikuandikwa.

Siku ya kwanza nilisimama na kusema, kwa kujiamini, sentensi kuhusu mtu fulani aliyejizuia na pombe, "abstained from alcohol". Mwalimu akaniuliza niliisikia wapi. Nikasema, kitabuni. Kulwa, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege aliyekaa nyuma na miguu yake mirefu ikiziba njia, akasema mwalimu asinisumbue, ni wazi siwezi kuwa nimeisikia Mwanza, maana tukio lenyewe halijawahi kutokea. Darasa likacheka hadi vumbi la chaki likapanda. Yeye sentensi yake ya fahari ilikuwa "What are you laughing at?", aliyoambiwa na rubani mmoja mwekundu, na alipenda jinsi lile "at" linavyobaki peke yake mwishoni kama mtu aliyeachwa na gari. Tangu siku hiyo niliitwa Fomu Siksi, na kazi ya kufundisha haikutajwa tena. Nilipewa kiti.

Sentensi iliyokubaliwa iliandikwa kwa wino mzito kwenye kipande cha boksi la samaki na kupigwa misumari ukutani, na chini yake jina la aliyeileta. Kuitumia bila kumtaja ilikuwa utovu wa adabu. Ulisema, "kama ilivyo kwa Kulwa", ndipo ukaendelea. Kufikia katikati ya mwaka ukuta ulikuwa umejaa, na nusu yake ilikuwa ya Akinyi. "Keep your hands off the belt", ya fundi mitambo. "We've run out of ice", ya msimamizi. "It depends on the weather", ya mtu wa ndege. Hakuzileta zimekauka, alizileta na mwenye nazo. Alisimama kama fundi yule, akakuna shingo kama fundi yule, na uliposikia "off" ikitoka uliona mkono unavutwa kutoka kwenye mkanda wa mashine. Mwalimu Bwire, ambaye hakumsifu mtu, alivua kofia na kujipepea.

Nimekuja kuwaza mara nyingi kwa nini njia ile ilinishika hivyo. Kiswahili hufanya kazi hii kimya, ndani ya tumbo la kitenzi. Mtu analia, ukiongeza sauti ndogo tu, analilia kitu. Anakimbia, anakimbilia. Anangoja, anamngojea. Kiingereza kinakiacha kineno hicho nje kimesimama mlangoni, na hakuna kanuni inayokuambia mgeni yupi ni wa nyumba ipi. Kwa nini ucheke "at" lakini ungojee "for", uamini "in" lakini utegemee "on"? Mwalimu alisema kwa nini ni swali la wenye muda. Cha kujua ni nani alisema, wapi, akitaka nini. Wakati mmoja alituagiza tutafute mtu aliyesikia Mwingereza akisema tunachosema sisi kwa neno "kufiwa", neno moja lenye kifo na aliyeachwa humo humo. Tulizunguka mji mzima. Hakuna aliyerudi nalo. Kulwa alidai wazungu wa uwanjani hawafiwi, hupangiwa zamu nyingine.

Miezi michache baadaye sangara walipungua na kiwanda kikawapumzisha wakataji. Akinyi alisema anakwenda visiwani na mama mmoja mfanyabiashara kutazama biashara ya dagaa, hatakawia. Nilimsikia kupitia juu ya ukuta akimwambia mama yake asimtengee chakula. Nilimsikia pia mama akimwuliza mbona anabeba viatu vya kanisani kwenda kwenye dagaa, na Akinyi akacheka, akasema visiwani nako kuna Jumapili.

Mtumbwi wa injini uliokuwa ukienda huko ulizama. Hakukuwa na orodha ya abiria; nani aliwahi kuandika orodha ya abiria wa mtumbwi? Baadhi ya miili ilipatikana, wa Akinyi haukuwemo, wala wa yule mama. Mtu mmoja aliyeokolewa aliapa kwamba aliwaona wote wawili wakipanda. Mwingine aliapa kwamba msichana mwenye mafua alishuka mwalo wa kwanza, bandari ndogo ya wavuvi njiani. Kwa muda mrefu mama alikwenda ufukweni kila asubuhi na kurudi kukaanga mapanki kama kawaida, na wanawake wa Igogo waliokuja kukaa naye, kanga zikiwa zimefungwa kiunoni tayari kwa msiba, walimkuta anauza. Hawakujua wakae au wanunue. Wengi walinunua.

Jioni moja mama alikuja darasani. Kulwa alivuta miguu yake, akasimama. Mama aliitikia shikamoo zetu, akaketi pale alipokuwa akiketi bintiye, akasema amesikia kuna vitu vya Akinyi ukutani, angependa kusomewa. Mwalimu alinitazama mimi. Basi nikaanza. Nilisoma kwa Kiingereza, nikafasiri: toeni mikono kwenye mkanda. Akauliza nani kasema. Nikamwambia, fundi. Barafu imetuishia. Nani kasema? Msimamizi. Inategemea hali ya hewa. Nikamwambia ni mtu wa ndege. Niliendelea hadi sauti ikanikauka, naye aliuliza swali lile lile kila mara, kwa upole, kama anayechambua mchele. Nilipomaliza alikaa akiutazama ukuta.

"Na zake?" akauliza.

"Zipi, mama?"

"Zake yeye. Hapa wamesema wote. Mtoto wangu alisema nini?"

Ukuta mzima ulikuwa sauti ya Akinyi na hapakuwa na neno lake hata moja, kwa sababu ndiyo ilikuwa sheria yetu, na tulikuwa tumejivunia sheria hiyo. Mwalimu Bwire alivua kofia, lakini safari hii hakujipepea. Ni Kulwa aliyesema kwanza, kwa Kiswahili, akitazama sakafu. Alisema Akinyi aliwahi kumwambia kwamba kicheko chake ni kama lori la pamba likikataa kuwaka. Mtu mwingine akasema aliambiwa na Akinyi kwamba mwandiko wake unatembea kwa magoti. Mwalimu, kwa mazoea tu, akauliza waliisikia wapi. "Hapa hapa, mwalimu," Kulwa akasema. Tulikwenda hivyo zamu kwa zamu, kila mmoja akatoa alichokuwa nacho, na mama alicheka, akafuta macho, akacheka tena. Zamu yangu ilipofika nilisema Akinyi aliniambia nikiacha kuongea kama cheti nitapata marafiki. Mama alinishika goti. Sijawahi kufasiri vizuri kuliko dakika zile, na sikufasiri kitu.

Baada ya hapo alikuja baba mdogo wa Akinyi kutoka Rorya, Mzee Odhiambo, mtu mpole mwenye koti zito hata juani. Alikuwa na gunia, na ndani yake mlikuwa na yago, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Kwa Wajaluo mtu akipotelea majini na mwili usionekane, yago huzikwa mahali pake, kwa matanga yote na kilio chote. Lilikaa kwenye kona ya chumba chao, upande wa pili wa ukuta wangu, na ninakiri nilihamisha kitanda. Mzee hakuwa na ukali wowote. Alinieleza nje, akichora chini kwa kijiti, kwamba asiyezikwa hutangatanga na kuwasumbua walio hai, wadogo zake Akinyi walioko Rorya hawataolewa wala kuoa kwa amani, na kwamba shemeji yake hasikii. Mimi nimesoma, labda atanisikia.

Niliingia naye. Nilisema maneno ya busara niliyoyaandaa. Mama alikuwa anachambua udaga, hakuinua macho.

"Nyathina," akasema, na hilo ni "mwanangu" kwa lugha yake, "mimi najua mtumbwi ulizama. Sihitaji kuambiwa na fomu siksi."

"Basi turuhusu, shemeji," Mzee Odhiambo akasema.

"Nikimzika, akirudi atarudi wapi?"

Mzee alijua jibu, na yeye ndiye alipaswa kulitoa. Alisema aliyezikwa amezikwa. Hata akija kwa miguu yake, hapiti tena langoni kwao. Akipita, anawaingizia kifo walio ndani. Ndivyo walivyoachiwa na wazee wao.

"Umesikia?" mama akaniambia mimi. "Wanataka nimfungie mlango kwa mkono wangu."

"Na kama hatarudi?" nikauliza.

"Basi mlango utakaa wazi. Unakula nini mlango?"

Mzee aliondoka na gunia lake begani. Sikujua alilifanyia nini. Mimi nilikwenda chuo Dar es Salaam muda mfupi baadaye, na niliporudi likizo darasa lilikuwa limefungwa, Mwalimu Bwire amehamia kwa watoto wake, mama amerudi Rorya, na Igogo nzima ilisema kwa uhakika wa watu wasiokuwepo kwamba Akinyi alishazikwa kwao, na yago lenyewe lilikuwa kubwa. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na mitihani. Ilikuwa ni katika mtihani mmoja wa Kiingereza, mkono wangu ukiwa umesimama juu ya kitenzi, ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza. Nilipata alama nzuri, na kwa hilo niliona aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Baadaye nilianza kumtembelea mama kila nilipopita kanda ile. Tuliongea habari za mvua na magoti yake. Yago hatukulitaja, na kaburi sikuthubutu kulitafuta kwa macho.

Siku ya mazishi yake ndipo nilipouliza. Mzee Odhiambo sasa ni mkongwe, haoni vizuri, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Nilimwinamia, nikamwuliza Akinyi amelala upande gani wa boma. Aliuliza mimi ni nani, nikamwambia. Alisema hakuna kaburi. Yago alilitupa njiani kabla ya kufika, kwenye shamba la mtu, maana mwenye mtoto alikataa na yeye hakutaka kuzika kwa wizi. Watu walisema alizika, naye aliwaacha waseme, aibu ilikuwa ndogo kuliko ya kurudi na gunia. Kisha akanitaka nimsogezee soda yake.

Jina langu la ndoa na namba yangu vilikuwa kwenye tangazo la msiba lililosambazwa kwenye simu, kwa sababu ndiye niliyeshughulikia usafiri wa waombolezaji wa Mwanza. Kwa hiyo wiki zile nilipigiwa na watu wengi nisiowajua, pole nyingi na wachache waliotaka kujua kama gari bado lina nafasi. Nilikuwa jikoni kwangu Dar, nikimenya viazi, simu ilipoita kwa namba ya Uganda. Mwanamke alinisalimia, akauliza kama mimi ndiye mwenye kushughulikia msiba wa Mama Akinyi. Sauti ilikuwa nzito kuliko ninavyoijua, lakini mafua yalikuwemo. Niliweka kisu chini. Mtu aliyekaa kichwani mwangu zaidi ya nusu ya maisha yangu alikuwa ananiita "dada" kwa adabu, hajui anaongea na nani, nami nilikuwa nataka kumwambia jina langu, lakini alikuwa na haraka, kama anayeogopa atakata simu mwenyewe kabla hajauliza.

Alisema yeye ni mtu wa familia. Alikuwa ameshuka mwalo wa kwanza kupanda chombo cha kwenda Uganda kutafuta kazi, akijua angeaga angezuiwa. Alikusudia kutuma salamu akishatulia. Kabla hajatulia alikutana sokoni na mchuuzi wa Igogo aliyepiga kelele kumwona, akamwambia kwao walishamzika, yago na kila kitu, asithubutu kukanyaga pale akawaua wadogo zake. Basi hakuthubutu. Simu za mkononi zilipokuja alipata namba ya nyumbani mara mbili, mara tatu, asipige. Marehemu hapigi simu nyumbani.

Halafu akafika kwenye alichopigia simu.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, dada, wewe ulikuwepo. Mama alinizika?"

"Hapana," nikasema. "Walimletea yago, akakataa. Hakuna kaburi lako. Nimemwuliza Mzee Odhiambo mwenyewe."

Nilisikia mlango ukifungwa huko aliko, na sauti ya mtoto ikiulizia chakula, naye akimwambia angoje.

"Niko Jinja," akasema. "Nina wajukuu wawili. Niambie nikishuka Mwanza napanda gari gani la Rorya."